Kitambaa Juu ya Vidole

Ni woga au ni kisasi kilichonifunga mdomo siku ile? Nimejiuliza kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijapata jibu ninaloliamini.

Kabla sijaenda chuo kikuu, mama mmoja wa Homa Bay alinifundisha mimi na wenzangu kupiga taipu. Alitufunika mikono kwa kitambaa cha kitenge, na aliyeinamisha macho alichapwa rula kwenye vifundo. "Macho ni ya karatasi," alikuwa akisema. Nilichapwa kuliko wote. Aliwahi kutangaza mbele ya darasa kwamba vidole vyangu vilifaa kupalilia tumbaku.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa na shahada yangu na kazi ya kuchapa barua za watu mjini Suna, katika ofisi ya mfanyabiashara aliyekuwa na ofisi nyingine Homa Bay. Hiyo ya pili iliendeshwa na yule mwalimu wangu wa taipu, kwa taipureta, na ndiyo iliyowasomesha wajukuu wake wawili. Tajiri, ambaye hakuwahi kugusa kitufe, akaamua kubaki na kompyuta moja na mchapaji mmoja. Akamwita mwalimu aje Suna tushindanishwe.

Kompyuta ilikuja na kibodi ndogo, nzito kama tofali, isiyo na tarakimu pembeni. Vitufe vyake vililia sawasawa na vya taipureta. Lakini herufi zilipangwa kwa mtindo wa Wafaransa: palipostahili a palikaa q, na m ilikuwa imehamishwa safu. Nilihangaika nayo wiki tatu hadi vidole vikaizoea.

Mwalimu alitangulia kuketi, akagonga kitufe kimoja mara mbili kusikiliza mlio, akatabasamu. Kisha akatoa kitambaa mkobani, akafunika mikono.

"Tazama, mwanangu, usije ukasahau ulikotoka."

Wateja kwenye benchi walimtazama kwa heshima. Alinakili barua ya wavuvi wa Mbita, ukurasa mzima, bila kuondoa macho kwenye karatasi yake. Mimi niliyesimama nyuma yake niliona kwenye skrini kila a ikizaliwa q. Ningeweza kumgusa bega. Badala yake nilihesabu mistari iliyosalia.

Printa ilipoitoa karatasi, tajiri alijaribu kuisoma kwa sauti. Mteja mmoja akauliza kama wavuvi siku hizi huandikiana kwa lugha ya samaki, na benchi zima likaangua kicheko. Mwalimu alikiondoa kitambaa, akazitazama herufi za vitufe kwa mara ya kwanza, kisha akanigeukia.

"Ulijua?"

"Macho ni ya karatasi, mwalimu."

Aliondoka akikiacha kitambaa mezani. Tajiri aliniagiza niandike barua ya kumwachisha kazi. Jioni hiyo ningeweza bado kumweleza tajiri kwamba jaribio halikuwa la haki, lakini niliamua nisiseme.

Asubuhi iliyofuata nilifunika mikono yangu kwa kitambaa chake, nikaiandika barua hiyo kwa mistari minne, bila kosa hata moja.