Fufu Niliyomlisha Kuku wa Mama

Mama yangu alipokimbia vita kule Rutshuru alifika kwangu, mtaa wa Mapendo hapa Goma, na vitu viwili: kitenge alichovaa, na kuku mmoja mwekundu kwapani. Nikamwambia, "Mama, watu wanabeba magodoro, wewe unabeba kuku?" Hakucheka. Alisema huyo ndiye pekee aliyebaki wa nyumbani kwake, wengine wote wameliwa na watu asiowajua. Kamba aliyomfunga nayo njiani ilikuwa imemkata mguu mpaka nyama inaonekana.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Na ni mtu wa usafi. Goma yetu hii imekaa juu ya mawe ya volkano. Yanaingia kwenye viatu, kwenye kitanda, kwenye sufuria ya maharage, nami tangu utoto nayachukia. Siku nilipoweka karo nyeupe ndani, vigae vya sakafu, niliapa: jiwe halitaingia humu tena. Basi kuku nikamweka kwenye katoni, pembeni jikoni, ili kidonda kisipate uchafu. Kila asubuhi nilifagia, sikuacha hata changarawe moja.

Mama alishinda naye kutwa. Alimwosha mguu kwa maji ya chumvi, akimsemesha Kinyarwanda, habari za ng'ombe na za majirani zake, habari ambazo mimi sikuwa na muda wa kuzisikiliza. Kidonda kikakauka. Kuku akaanza kusimama, na mama naye akaanza kula.

"Mutoto wangu," akaniambia siku moja, "kuku huyu anataka kutoka. Apekue kidogo huko nje."

"Apekue nini, mawe? Nje kuna mbwa, kuna pikipiki. Mama, hapa ni mjini, niachie mimi."

Akaniachia. Alikuwa mgeni kwa mtoto wake, angefanya nini?

Nami, ili aone kwamba nampenda, nikaanza kumlisha kuku wake kama tunavyomlisha mgonjwa yeyote kwetu: fufu. Huku mtu asipokula fufu hatusemi amekula. Nilifinyanga vidonge vya fufu ya muhogo, nikachovya kwenye mchuzi wa sambaza, visamaki vya ziwani nilivyonunua soko la Kituku, nikamsukumia mdomoni kwa kidole. Akikataa, namgombeza. "Meza! Utapona na nini, wewe?" Mama alinitazama tu, akasema asante.

Siku ya nne kuku alikuwa amevimba chini ya shingo, pale kwenye mfuko wake wa chakula. Nilipomshika palibonyea kama unga uliokandwa, na mdomo ulitoa harufu ya pombe. Nikamtia kikapuni, nikakimbia peke yangu kwa daktari wa mifugo anayeuza dawa karibu na soko. Alimminya taratibu, akauliza anakula nini, anakaa wapi. Nikaeleza kwa majivuno kabisa, Mungu anisamehe.

"Mama," akasema, "kuku hana meno. Anameza vijiwe, na vijiwe ndivyo vinamsagia chakula kwenye firigisi. Wewe umemnyima vijiwe, kisha ukamshindilia fufu. Imekwama, na sasa imechacha."

Vijiwe! Goma hii! Mji mzima umelalia mawe, na kuku wangu mimi anakufa kwa kukosa vijiwe! Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia mbele ya wateja wake. Alinipa dawa ya kumnywesha, akanionyesha namna ya kumkanda, akakataza fufu, akasema nimtoe nje. Nilifanya yote, siku mbili. Siku ya tatu, mchana, kuku alilaza kichwa kwenye goti la mama na hakukiinua tena.

Mama hakulia kwa sauti. Alimpapasa mguu, pale penye kovu.

"Ni kamba yangu," akasema. "Nilimufunga kwa nguvu, niliogopa atanitoroka. Sumu ya kidonda imepanda mpaka shingoni."

Nilifungua mdomo. Maneno ya daktari nilikuwa nayo yote, neno kwa neno. Nikasema, "Pole, mama."

Akanishika mkono. "Unisamehe, mutoto wangu. Umemulisha kwa vidole vyako kama mutu, na mimi nimekusumbua bure."

Nami nikamjibu, kwa upole ambao sijawahi kuwa nao maishani: "Nimekusamehe, mama."