Mutobe wa Ubatizo kwa Maman Nsimire

Bandugu zangu wasomaji, karatasi hii ni ya mwisho wa mwaka, na wengine kati yenu mmeniomba niandike tulivyoupitisha mwaka wetu wa kwanza wa Karatasi ya Sukari, hii ya wagonjwa wa sukari. Nitaandika, lakini nitaanza na jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa njiani nafunika uso kwa kitenge, watu wakifikiri nakwepa vumbi.

Mnanijua: ni mimi Maman Aline, yule wa mashine. Saa ya mapumziko ofisini nachapa karatasi yetu, kisha napanda parokiani kuizungusha kwenye stensili mpaka mikono inakuwa myeusi kama ya fundi wa baiskeli, na Alhamisi nawagawia nyinyi mnaokutana salani, ule ukumbi wa parokia. Nyingine zinavuka daraja ndani ya vikapu vya wamama mpaka Bukavu (na nyingine, najua, zinafungia samaki, lakini sikasiriki, hata msoma samaki ni msomaji). Mwaka mzima mlidhani nawasaidia tu kwa sababu najua kuchapa. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe nina sukari, huu ni mwaka wa tatu, na vidonge nilivificha ndani ya kopo la sindano na nyuzi, pale ambapo hata binti yangu hatafuti. Niliona haya. Nilirudi Rwanda mjane na mtoto mmoja, nikapata kazi kwa bahati, na niliogopa watu wakisema mama yule ni mgonjwa, basi mlango wa kazi unafungwa.

Na bado nilikuwa jasiri kwenye karatasi! Baba mmoja wa kiwanda cha simenti kule Muganza aliniandikia barua akiuliza: kwenye sikukuu wakimpa kinywaji kitamu afanye nini? Nikamjibu kwa herufi kubwa: SEMA UGONJWA WAKO KABLA KIKOMBE HAKIJAKUFIKIA. Nikajisifu hata kidogo, kwamba Maman Aline, umejibu vizuri.

Basi, wiki ya Noeli, Maman Nsimire akanialika. Huyu ni mama wa Bukavu, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyevuka na mjukuu wake mgongoni wakati risasi zilipozidi huko ngambo, na mjukuu huyo, Ombeni, ndiye aliyebatizwa, na mama wake wa ubatizo ni mimi. Nilivaa gauni jeupe la kuazima. Nyumba ilijaa majirani, wengine walikuwa bado wanamwangalia Maman Nsimire kama mgeni, na yeye alikuwa ameuza kitenge chake kizuri ili sikukuu hiyo awe mwenyeji kama wengine.

Akaleta mutobe, ule mtamu wa ndizi, usiochacha. Mnajua desturi yetu: mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya macho yenu, halafu anakupa kikombe kile kile. Ukipokea ukanywa, umesema namuamini. Ukikataa, na hasa miaka hii ya vita ambapo kila mtu aliyekufa ghafla wanasema ni karuho, ile sumu ya polepole, basi umesema neno baya kuliko tusi.

Akaonja. Akanipa mimi wa kwanza, maana ndimi mama wa ubatizo. Wiki ile muuguzi alikuwa amenigombeza, sukari imepanda, hata tone nisiguse. Ningesema pale pale, "Maman, mimi ni mgonjwa wa sukari," yangekwisha. Lakini niliona macho yote yale, nikachagua ujanja mdogo tu, ujanja wa mtoto: nikalowesha midomo, nikatabasamu, nikasogea taratibu mpaka dirishani nikijifanya napunga hewa, wao wakaanza kuimba, na mimi nikamwaga kikombe chote nje.

Chini ya dirisha alikuwa amekaa jirani, Mzee Gaspari.

Aliingia na kofia mkononi, mutobe unachuruzika mpaka shingoni. Akauliza bila kupandisha sauti, "Nani amenimwangia mutobe ku kichwa?" Wimbo ukakatika. Wote wakageuka, wakaniona mimi dirishani na kikombe kitupu (ningekuwa na akili ningekiweka chini, lakini nilikishika kama mshumaa). Mzee akaniangalia sana. "Maman Aline, umemwanga kwa sababu gani?"

Hapo nilipata nafasi ya pili ya kusema ukweli. Nikasema, "Tumbo linaniuma, Mzee."

Nyinyi mnacheka. Mimi nilisikia vikombe vikiwekwa chini, kimoja kimoja, chumba kizima. Mama mmoja akasema, "Amekunywa kidogo, tumuwahi," na kabla sijafungua mdomo wamenishika huku na huku, maziwa yananiingia puani, wananikokota nyuma ya jiko, shangazi mmoja kutoka Gitambi ananisokomeza dawa ya majani kooni ili nitapike. Nikatapika, ndiyo, na gauni la watu likaisha heshima yake hapo hapo. Kila nilipotaka kusema "siyo sumu," wananiambia, "Usiseme, tapika kwanza." Na niseme kweli yote: baada ya muda wakaniacha kupumua, ningeweza kusema, na haya ikanifunga tena.

Nikiwa pale chini nilimuona kupitia mlango Maman Nsimire. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya chumba. Akachukua jagi, akalinywa lote, akimeza na kulia, mutobe unamshukia kifuani, na hakuna aliyemzuia. Mimi nikapelekwa nyumbani nikishikwa mabega, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Siku tatu nilijilaza. Siku ya nne nikashuka sokoni, nikakuta watu wanapita beseni la Maman Nsimire kwa mbali, sambaza zimekauka juu na hakuna aliyegusa. Ombeni mgongoni, yeye anakunja gunia.

"Narudia ngambo," akaniambia bila kuniangalia. "Huku hakuna muntu atakula samaki yangu tena."

Ngambo, ambako usiku uliopita tulisikia mabomu mpaka kwetu. Nilipanda juu ya kreti ya mtu, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Wamama, hakuna sumu. Mimi ni mgonjwa wa sukari, niliona haya kusema, nikamwaga mutobe, nikadanganya tumbo. Mwenye kosa ni mimi." Muuza vitunguu mmoja akauliza, "Weye wa karatasi?" Nikasema, ndiyo, mimi wa karatasi. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, nami niliwaacha wacheke, maana yule wa vitunguu alikuwa tayari ameinama juu ya beseni la Maman Nsimire anachagua sambaza, na mwingine akaja nyuma yake.

Nilipiga magoti mbele yake kuomba msamaha. Nikamwambia kilichoniumiza zaidi ni kumuona anakunywa jagi zima ili kuwaonyesha watu kwamba hana kosa.

Akatikisa kichwa. "Hapana, Maman. Hata miye niliogopa. Nilifikiri labda kuna muntu ametia kitu mu jagi, sijaona. Nikasema, huyu ni mama wa ubatizo wa mutoto wangu, hatakufa peke yake mu nyumba yangu."

Nililia pale sokoni, bandugu, mbele ya wateja wake.

Basi ndio mwaka wetu. Mimi ni Maman Aline, nina sukari, natumia vidonge asubuhi na jioni, na nikifika kwenu nitalisema hilo kabla sijakaa. Na mwakani mkiona nimeandika tena "wagonjwa wafanye hivi, wagonjwa wafanye vile" kana kwamba simo, mnirudishie karatasi usoni.