Upindo wa Nguo ya Maria

Kitambaa cha nguo ya Maria kilitoka Kiriri, mtaa wa matajiri mlimani juu ya Bujumbura. Nilikuwa nimeshona mapazia ya nyumba moja kubwa huko juu, na mama mwenye nyumba, alipokuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao Ulaya, aliniambia nichukue kilichobaki. Kilikuwa cha buluu, kizito kidogo, chenye kung'aa upande mmoja. Vita vilikuwa vimeanza mwezi wa kumi wa mwaka huo, na wageni wengi walikuwa wanaondoka. Nilishuka nacho mpaka Ngagara nimekifunga kiunoni chini ya kitenge, kwa sababu njiani vijana walikuwa wanapekua mifuko ya watu.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, mji wa ng'ambo ya mpaka. Niliolewa Bujumbura na karani wa posta, tukapata nyumba katika mojawapo ya karitie, yaani mitaa, za Ngagara, na barazani nikaweka cherehani. Nilishona sare za shule na magauni ya harusi. Kila Noeli ilipokaribia nilishona pia mavazi ya watoto wa parokia walioigiza kuzaliwa kwa Yesu. Kazi hiyo nilipewa na mjane mmoja aliyefundisha katekisimu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu. Yeye alichagua watoto na kuwafundisha maneno. Mimi niliwavisha.

Mabawa ya malaika yalikuwa waya wa umeme uliopindwa na kuvikwa chandarua kikuukuu. Kondoo walivaa blanketi lililotobolewa pa kupitishia mikono. Ndevu za wachungaji zilikuwa za katani, na ziliwasha, kwa hiyo hakukosekana mchungaji wa kujikuna mbele ya hori mpaka watu wakaangua kicheko. Tabu ya mavazi ya watoto ni kwamba mtoto uliyempima leo si yule utakayemvisha mwaka ujao. Basi niliacha upindo mpana chini na mikunjo mabegani, ili nikifumua nipate pa kushusha. Baada ya sikukuu nilifua kwa maji baridi bila kukamua, nikaanika kivulini rangi isipauke, kisha nikapanga vyote ndani ya sanduku la bati pamoja na nafutalini na majani ya mkaratusi. Ukifungua sanduku lile mwezi wa kumi na mbili, harufu yake ilikuwa ndiyo Noeli yenyewe kwangu.

Mtoto aliyevaa nguo ya buluu kwanza aliishi mstari wa nyumba uliokuwa nyuma yetu. Mama yake alikufa akimzaa. Baba yake alikuwa dereva wa kamiyo, lori la mizigo, akienda Kigoma na mbali zaidi, na alikuwa nyumbani siku chache tu kabla ya kuondoka tena. Mtoto alilelewa na nyanya yake, bibi mfupi aliyekuwa na kikohozi, ambaye kila mtu alimwita Koko. Koko ndiye aliyemleta barazani kwangu nimpime. Mtoto alikuwa na tabia ya kusimama mguu mmoja juu ya mwingine.

"Simama sawa," nilimwambia.

"Niko sawa," alijibu, na mguu ukabaki palepale.

Noeli ile misa ya usiku haikuwapo, maana giza likiingia hakuna aliyethubutu kutembea. Mchezo ulifanyika mchana, na nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Malaika alipomaliza kumwambia Maria habari zake, mtoto alisahau maneno ya kitabu. Alitazama chini, akafikiri, halafu akasema kwa Kiswahili chetu cha mtaani, "Sawa. Mi nakubali."

Watu walicheka, lakini si wote. Mwanamke mmoja karibu nami aliyefiwa na mume mwezi uliotangulia alijifunika uso kwa kitenge. Mama Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alitaka kumsahihisha mtoto, lakini akaona bora ayaache maneno hayo hivyo. Mwaka uliofuata mtoto aliyasema tena, na safari hiyo hakuwa amesahau.

Mwaka wa tatu alikuwa amerefuka sana. Alipanda juu ya kigoda changu, nikafumua upindo wote, nikashusha mpaka mwisho wa kitambaa, nikapiga bandi, mshono wa muda, kwa uzi mweupe ili nije nimalizie kwa mashine. Pini nilikuwa nimezibana midomoni, kwa hiyo ni yeye aliyezungumza.

"Mama, mwaka kesho itanienea?"

Nilitoa pini. "Mwaka kesho nitaunga kipande chini."

"Papa hajaniona nayo hata siku moja. Kila Noeli yeye iko njiani."

"Atakuona."

"Koko anasema vilevile," alisema, akashuka.

Juma lilelile karitie ilisafishwa. Hilo ndilo neno lililotumiwa, na silipendi mpaka leo. Sitaandika familia ya mtoto yule ilikuwa ya kabila gani. Aliyeishi kule anajua, na asiyeishi kule inamtosha kujua kwamba walitakiwa kuondoka kwa sababu ya kabila lao, na kwamba jirani waliosalimiana asubuhi walifunga madirisha mchana. Nasi tulifunga yetu. Mume wangu alisimama nyuma ya mlango, na mimi nilikuwa sakafuni na wanangu. Risasi zilipopungua tulisikia kwamba Koko ameonekana akienda upande wa Kajaga, amemshika mjukuu wake mkono, na godoro kichwani. Watu wengi walipita njia hiyo kuelekea mpakani, waingie Uvira kwetu. Nyumba yao iliingiwa siku ya pili. Walichukua milango, mabati, hata fremu za picha ukutani, na picha zenyewe zikatupwa mtaroni zikaoza.

Kabla ya Noeli Mama Mwalimu alikuja barazani na msichana mwingine.

"Huyu ndiye Maria," alisema. "Mpime."

Nilimpima. Kisha nikamwambia Mama Mwalimu kwamba nitamshonea nguo mpya, nyeupe, kwa shuka langu.

"Shuka la nini? Ya buluu iko wapi?"

"Iko. Lakini iko kwa vipimo vya yule mtoto, na sijaimaliza."

Aliketi. Alimtuma msichana aende kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. "Mwanangu, nguo ni ya parokia. Si yako, si yake. Unamshonea nani?"

"Nikiikata, nitakuwa nimesema kwamba harudi."

"Na usipoikata, atarudi?"

Nilikunja utepe wa kupimia. Hakunilazimisha. Mwaka ule Maria alivaa nyeupe, na mama mmoja wa kwaya alinong'ona kwamba anafanana na mgonjwa wa hospitali.

Ilikuwa hivyo miaka iliyofuata. Nchi jirani zilipofunga mipaka yao tukakosa hata uzi. Nilifumua magunia ya nailoni nikashonea mabawa, na taji za mamajusi nilizifunika karatasi za ndani za pakiti za sigara. Kila mwaka watoto walipungua au walibadilika. Kuna mwaka tulikosa Yosefu mpaka siku ya mwisho, kwa sababu aliyechaguliwa alipelekwa kwa shangazi yake kijijini, mahali palipodhaniwa kuwa na usalama. Shuka jeupe nilishusha, nikapandisha, nikabana, nikapanua, mpaka pindo zake zikalegea kama kitambaa cha kudekia. Ya buluu niliifua mara moja kwa mwaka kama mavazi mengine. Pini ziliacha alama za kutu, nikazitoa, bandi peke yake ikabaki kushika upindo. Mume wangu alinikuta siku moja naianika.

"Yule mutoto sasa ni musichana mukubwa," alisema kwa upole. "Hata akirudi haitamuenea."

"Najua," nilisema, nikaigeuza upande wa pili ikauke.

Habari za Uvira zilikuwa mbaya. Vita viliingia huko pia, kambi za wakimbizi zikatawanyika, wengine wakavuka ziwa kwenda Tanzania, wengine wakaingia misituni. Niliuliza ndugu zangu, nikauliza wanawake waliovuka mpaka na vitenge vya kuuza. Koko wenye kikohozi walikuwa wengi. Hakuna aliyemjua wangu.

Baba wa mtoto alikuja asubuhi moja, vita vikikaribia mwisho ingawa sisi hatukujua kwamba ni mwisho. Watoto wangu walikuwa wamekua, na nilikuwa nimeanza kuvaa miwani ya kushonea. Nilimwona amesimama mbele ya baraza, kofia mkononi. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa zimeota mvi. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, mguu mmoja akiupumzisha juu ya mwingine.

"Karibu, papa," nilimwambia. "Kaa."

Alikaa. Alikunywa maji. Alisema kwamba siku karitie ilipoingiwa yeye alikuwa Kigoma na kamiyo, akashindwa kuvuka. Alikaa huko miaka, akiuliza kila kambi. Mwishowe alipata watu waliokuwa pamoja na Koko, mama yake.

"Ilikuwa kolera," alisema. "Kule Uvira, mwaka uleule walipofika. Mutoto alitangulia. Mama alikaa siku mbili tu nyuma yake. Mi nilikuwa natafuta watu walishakufa zamani."

Nilitaka kusema pole, na nadhani nilisema. Mikono yangu ilikuwa juu ya kitambaa chini ya sindano, na sikujua niiweke wapi.

"Mama Mwalimu ameniambia uko na nguo yake."

"Niko nayo."

"Mi niko na kitu kimoja cha kukuuliza, mama. Usinicheke. Mi sikumbuke urefu wake. Kila nikifikiri, namuona mudogo, wa kubeba. Picha apana. Hata moja. Naomba unionyeshe alikuwa anafika wapi."

Niliingia ndani, nikafungua sanduku, nikaitoa nguo. Niliinyoosha kwa mkono maana pasi haikuwa na makaa. Alipoiona hakuipokea mara moja. Alifuta viganja kwenye suruali kwanza. Kisha alisimama, akaiinua kwa kushika mabega ya nguo, yale madogo, upindo ukagusa viatu vyake.

"Hapa ni bega," nilimwambia. "Hapa chini ni kifundo cha mguu. Alitaka ifunike miguu kabisa, lakini nilikataa asije akajikwaa."

"Na kichwa?"

Kichwa sikuwa nimekipima, ila mzunguko wake kwa ajili ya mtandio. Lakini nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mtoto yule miaka mitatu. Nikaweka mkono wangu kifuani pa baba yake, chini kidogo ya mfuko wa shati.

"Hapa."

Aliondoa mkono wangu taratibu akaweka wake mahali palepale, kiganja kikitazama chini. Alibaki amesimama hivyo. Mtu alipita barabarani akatusalimu, hatukuitika.

"Alikuwa mukubwa," alisema.

"Alikuwa mkubwa. Alikuwa anazungumza nami vizuri."

"Alisema nini?"

Nilimweleza kuhusu "Sawa, mi nakubali". Nilimweleza jinsi alivyompakata yule mwanasesere wa plastiki tuliyemfanya Yesu, akimshika shingo kama Koko alivyomwonyesha. Nilimweleza pia kwamba alitaka babake amwone na nguo hii. Niliwaza kwanza kama nimfiche hilo, kisha nikaona si mali yangu. Alisikiliza, macho yake kwenye upindo. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

Nilimwambia achukue nguo. Akatikisa kichwa.

"Nitaiweka wapi? Mi nalala ndani ya kamiyo." Aliikunja vibaya, kama wanaume wanavyokunja, akanirudishia. "Kuko mutoto mwaka huu?"

"Yuko."

"Basi umuvalishe. Mi nimeshaona."

Alipoondoka nilikaa na nguo mapajani mpaka jua likafika kwenye cherehani. Kisha nilichukua wembe nikakata bandi. Uzi ulikuwa umeoza, ulitoka vipande vipande, na penye mkunjo kitambaa kilibaki na mstari wa buluu iliyokolea, rangi ya siku kile kitambaa kilipotoka Kiriri. Nililia hapo, kwa sauti, mbele ya barabara, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu vita vianze, hata nilipofiwa na ndugu zangu mwenyewe.

Maria wa mwaka ule alikuwa mdogo zaidi, mwenye mashavu na asiyetulia. Ilibidi nipandishe upindo. Mama Mwalimu, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alikuja akaketi kwenye kigoda karibu nasi akanishikia kasha la pini. Kila niliponyoosha mkono, alinipa moja.

Baba yule hakuja kanisani. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni mjini, akinunua chumvi. Tulisalimiana, akaniuliza habari za mume wangu, nikamuuliza habari za barabara, tukaachana.

Siku ya Noeli mtoto huyo mpya alisema maneno yote ya kitabu bila kukosea hata moja, kwa sauti kubwa ya shule. Baada ya misa watoto walipewa soda wakiwa bado wamevaa mavazi, kosa ambalo nilikuwa nimelikataza miaka yote, na soda ya machungwa ikamwagika kifuani mwa nguo ya buluu. Mama yake alikuja kuniomba radhi. Nilimwambia si kitu. Nyumbani niliiloweka kwa maji baridi na ndimu, nikaisugua kidogokidogo, nikaianika kivulini. Doa lilififia, ila halikutoka lote.