Kamba ya Yaya Kasongo

Mwanangu, iko siku moja ambayo mikono yangu inaikumbuka kuliko kichwa. Ilikuwa mwezi wa sita, na wewe uliyekulia katika mablanketi hujui baridi ya asubuhi kwetu Likasi. Mama alinivika koti lake, lile la vifungo vikubwa vya kike, watu wakanicheka mpaka ziwani. Lakini hayo tuyaache.

Yaya Kasongo, kaka yangu, alikuwa mzamiaji wa kampuni ya migodi ya serikali, kazi yake kusafisha milango ya bwawa la umeme. Siku hiyo alikwenda kuangalia meli ndogo ya Wabelgiji iliyozama katika ziwa la Lufira kabla sijazaliwa. Haikuwa mbali chini. Maji yakitulia unaliona bomba lake la moshi. Vyuma vyake vilikuwa vinararua nyavu za wavuvi. Yaya akabeba chupa ya hewa mgongoni, akajifunga kamba kiunoni, akanipa mimi ncha yake nikiwa mtumbwini. Nilijiona mkubwa wa ziwa zima!

Akaingia ndani ya meli. Mara tope likapanda, maji yakawa meusi, kamba ikakwama. Nikavuta. Nikavuta tena kwa nguvu zote, nikilia na kuita jina lake.

Tata Mulenga, mzee mvuvi mwenye mtumbwi, akanipiga kofi mkononi.

"Weye mutoto, wacha! Kamba iko nakwaruza ku chuma. Ukivuta itakatika, na yaya yako atajua njia namna gani?"

"Tata, atakufa!"

"Angalia mapovu, iko napanda. Eko muzima. Kaza tu. Usivute, usilegeze."

Mwanangu, kushika bila kuvuta ni kazi nzito kuliko kuvuta. Nikakaza, macho yangu kwenye mapovu. Kisha nikasikia kamba inacheza polepole kiganjani: mtu anaifuata kwa mikono gizani, anarudi. Kichwa cha Yaya kikatokea, midomo imegeuka rangi.

"Nani alikuwa navuta sawa mbuzi?"

"Ni huyu mama wa koti," akasema Tata Mulenga.

Basi, siku mdogo wako akiingia pabaya, au mtoto wako akiacha kukusikia, usimburute. Usimwachie pia. Akipapasa kamba katika giza lake aikute imekazwa, na wewe uko mwisho wake. Mungu akupe mikono ya namna hiyo. Na ukipotea wewe, akupe mtu wa kukushikia.