Cheti Kilichotoka kwa Jina Lake

Kazi yangu ya kwanza hapa Bujumbura ilikuwa kuandika programu za kampuni ndogo, nyingi zikiwa fomu ambazo hakuna aliyependa kuzijaza. Halafu mambo yakabadilika. Mabosi hawakutaka tena ripoti ya mwisho wa mwezi. Walitaka kufungua simu asubuhi na kuona grafu inayowaonyesha bidhaa gani inatoka na ipi inaozea stoo. Baadaye wakataka kuuliza kwa maneno yao wenyewe, akili mnemba iwajibu. Sisi watu wa fomu tukaanza kuonekana wa kizamani. Ilibidi kujifunza uchambuzi wa data za biashara, la sivyo tukae pembeni.

Nilijifunza pamoja na rafiki yangu, tuliyesoma naye chuo, jirani yetu wa mtaa wa Kamenge. Alikuwa mtu wa kuingia kwetu na kufunua sufuria bila kuuliza. Mama alimwita mwanangu.

Kozi nzuri zilikuwa mtandaoni, na huko hulipi kwa noti. Inatakiwa kadi ya benki inayokubalika ng'ambo. Yeye alikuwa nayo, mimi sikuwa nayo. Kwetu hilo si tatizo: mmoja anafungua akaunti, wenzake wanasomea humo humo. Karibu kila mtu ninayemjua amesoma hivyo, na hakuna anayeona ajabu.

"Mi niko na karte, we uko na kichwa," aliniambia. "Iko nini tunakosa?"

"Na cheti?"

"Ya kwanza itatoka kwa jina yangu, juu akonti ni yangu. Ya pili tutafungua ingine, itatoka kwa jina yako. We ni dada yangu, nitakukimbia niende wapi?"

Nilicheka. Nilimwamini kabisa, na bado inaniuma kuandika hivyo.

Mitihani yote niliifanya mimi. Yeye alikaa karibu yangu, akachemsha chai, akanisifu. Kazi ya mwisho ilidai tuchambue biashara ya kweli. Wengine walichukua data za maduka ya mbali zilizotayarishwa tayari. Mimi nilichukua za mama. Mama anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pale Gatumba karibu na mpaka. Kila jioni, kabla ya kutoka sokoni, alikuwa akinipigia simu kunieleza vikapu vingapi vimevuka kwenda Congo, nami nilikuwa nimeviingiza kwenye kompyuta kwa miaka, mwanzoni kwa kujifurahisha tu. Nikavitengenezea grafu. Mstari ulipanda na kushuka vizuri, isipokuwa sehemu moja ulipoanguka mpaka chini na kubaki huko. Ni wakati maji ya mafuriko yalipoingia Gatumba.

Cheti kikaja, jina lake juu yake. Tulikinywea Fanta. Mama akaniuliza, "Na yako iko wapi?" Nikamwambia inafuata.

Ya pili haikuja. Mara kadi imekwisha muda, mara benki haina mtandao, mara yuko kwenye foleni ya mafuta. Wakati huo huo kampuni moja kubwa ya vinywaji ikatafuta mchambuzi wa data. Nilimwonyesha tangazo mimi mwenyewe.

"Hiyo ni yako," alisema. "Mi siwezi omba."

Niliomba. Walinijibu kwamba hawakuona cheti. Muda si mrefu nikasikia kwa watu kwamba nafasi ameichukua yeye. Hakuniambia. Aliacha kuja kufunua sufuria, basi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na mama, maskini, akadhani nina malaria.

Mwaka huu bosi wangu aliniita akiwa na furaha. Kampuni ile ya vinywaji inafundisha watu wa kampuni ndogo uchambuzi wa data, darasa la wanaoanza, na amenipatia kiti. Nilijua nitamkuta. Nilikwenda hata hivyo, kwa sababu mwishoni wanatoa cheti, na mimi sikuwa nacho hata kimoja.

Alikuwa mbele, shati limepigwa pasi. Alinisalimia "bonjour madame," mtu aliyekula ugali wa kwetu! Kisha akawasha projekta, na ukutani ikatokea grafu ya mama. Rangi nilizochagua mimi. Vikapu vya mama.

Ila mstari haukuanguka tena.

"Hapa data zilikosekana," alilieleza darasa. "Kulikuwa shimo. Nikaambia mashine itie wastani, sasa iko sawa."

Nikasimama bila kuinua mkono.

"Apana. Hakuna kitu ilikosekana. Ile ilikuwa sifuri. Soko ilikuwa ndani ya maji, na mama yangu alikuwa amelala juu ya meza yake ya ndagala. We ulijua. We ndo ulienda kumubeba."

Ni kweli. Alivua viatu, akaingia kwenye maji yale, akamtoa mama akiwa amembeba mgongoni. Ndiyo maana nilimwamini.

Aliangalia ukuta, si mimi.

"Asante, madame," alisema. "Tutaiongea kwa pause."

Wakati wa mapumziko alikuwa na simu ndefu nje. Aliimaliza sisi tukiwa tumesharudi kwenye viti.

Jioni wakagawa vyeti. Changu kilikuwa na jina langu kamili, bila kosa. Chini palikuwa na sahihi ya mwalimu wangu.

Mama alipiga simu kama kawaida. Kabla ya habari za ndagala akauliza kama nimepata karatasi yangu. Nikamwambia nimeipata. Akapiga vigelegele mpaka nikaondoa simu sikioni, kisha akasema, "Umwambie na yule mwanangu, atafurahi."

Nikamwambia anajua tayari.