Sayansi ya Mnunuzi wa Kahawa

Majani mabichi yakianza kuchachuka chini ya udongo, ile harufu inayopanda puani kama togwa iliyolala, mimi humkumbuka mnunuzi mmoja wa kahawa na miwani yake. Simkumbuki kwa wema.

Ilikuwa wakati wanunuzi binafsi walipoanza kupanda kwetu Mbinga, ushirika ukiwa umelegea. Yeye alitaka kuinunua kahawa yetu ingali mbichi mtini. Alikaa kwenye kigoda cha baba, akanywa togwa yetu, akatufundisha sayansi.

"Mzee, binadamu alikuwa nyani. Wenye nguvu wakageuka watu, dhaifu wakabaki porini. Ushirika wenu unakufa kwa sababu hiyo hiyo. Hata watoto, msomeshe mwenye nguvu."

Akanitazama mimi. Kisha akautazama mguu wa mdogo wangu Kandida, uliokauka tangu alipougua akiwa mchanga.

Baba aliheshimu sana miwani. Kesho yake, tukilima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, akasema shule ikifunguliwa nitakwenda peke yangu. Kandida alikuwa ameketi chini akipanga majani miraba miraba ili sisi tuyafukie. Bila majani hayo mvua huuchukua udongo wote. Mikono yake ikasimama.

Bibi, mama yake baba, akamwuliza baba bila kuacha kulima:

"Kaka zako unawakumbuka?"

"Siwakumbuki, mama."

"Utawakumbukaje! Walikuwa wanene, wananyonya mpaka nalia. Surua ikawachukua wote wawili. Wewe ulizaliwa kama panya. Nilikulaza kwenye pamba, watu wakaniambia najisumbua bure. Haya, kaiulize hiyo miwani, dhaifu alikuwa nani?"

Nikacheka. Bibi akanitupia jicho, nikainama.

Baba aliweka jembe chini, akaketi karibu na Kandida, wakapanga majani pamoja. Shule ilipofunguliwa, alimbeba mgongoni mpaka darasani.

Juzi mwanangu anayesoma baiolojia alinieleza kwamba hakuna nyani aliyegeuka mtu. Sisi na wao tulitoka kwa mababu wale wale, zamani mno, na anayeendelea kuzaa ni yule anayeendana na mahali alipo, awe na misuli asiwe nayo. Nikamwuliza kwa ukali kama kitabu chake kinasema kiwete aachwe.

"Hapana, Mama. Kinaeleza yaliyotokea. Hakimwagizi mtu."

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Yule bwana hakuja na habari za nyani. Alikuwa amekalia kigoda chetu, togwa yetu mkononi, akituchagulia nani kati yetu aachwe.