Aliyemfanya Mzee wa Munigi Kuwa Oksijeni

Mwalimu wetu wa kemia amefariki. Habari ilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani, katikati ya mwaliko wa harusi na picha ya kiwanja kinachouzwa, na kabla sijamaliza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, zilizokuwa kwenye sahani yangu, marehemu alikuwa amekwisha kuwa mtakatifu. Mmoja aliandika kwamba alikuwa mpole. Mpole! Mtu aliyekuwa akirusha chaki kwa shabaha ambayo askari wa kambi ya Katindo, jirani zetu, wangeionea wivu. Mwingine akasema alikuwa mnyenyekevu, yeye aliyevaa koti jeupe la maabara mwaka mzima katika shule isiyokuwa na hata chupa moja ya kupimia. Mimi sitamtukana marehemu, lakini siwezi kukubali kuzika mtu mwingine kwa jina lake. Msomaji wangu aniwie radhi, leo namkumbuka jinsi alivyokuwa.

Alikuwa na dini moja tu, nayo ni kusawazisha milinganyo ya kemia, au kama tunavyosema hapa Goma, kupondera. Atomu zilizoingia upande wa kushoto wa mshale lazima zitoke zote upande wa kulia, na ili hesabu ikubali unaruhusiwa kugusa namba kubwa ya mbele peke yake. Ile ndogo ya chini, iliyojificha miguuni mwa herufi, usiiguse kabisa. Sisi bila shaka tuliigusa. Oksijeni ikipungua upande wa maji, mtu aliongeza kinamba kimoja pale chini, hesabu ikatimia, akarudi kukaa akitabasamu. Mwalimu alimwita tena ubaoni. "Hii uliandika hapa haiko maji tena. Ni ile dawa ya kuoshea kidonda. Utamupa mama yako akunywe?" Kisha chaki ikaruka.

Nimefanya kazi katika ofisi kadhaa za mji huu tangu wakati ule, na naapa hilo ndilo kosa letu la kitaifa. Barabara ikikatika, tunabadilisha ripoti. Darasa likianguka, tunabadilisha maksi. Kuongeza kitu mbele ni kazi, kunataka jasho, lakini kubadilisha jina la kilichopo ni rahisi na hakuna anayekurushia chaki.

Kwa kuwa hatukuwa na maabara, atomu tulikuwa sisi wenyewe. Somo lake la kila mwaka kwa darasa la mwisho lilikuwa gesi ya methani, hii iliyolala chini ya ziwa letu, na jinsi inavyoungua, nalo lilichukua wiki nzima. Mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa mnene wa kutosha kushikwa na watu wanne, alikuwa kaboni. Mimi kwa wembamba wangu nilikuwa hidrojeni, cheo ambacho sikuwahi kupandishwa. Oksijeni walisimama wawili wawili wakishikana mikono, kwa sababu oksijeni haitembei peke yake, na mwalimu hakujali kama huyu ni msichana na yule ni mvulana. Mapenzi kadhaa yalizaliwa kutokana na kemia hiyo, na ndoa moja, ambayo nasikia bado inawaka.

Tatizo lilikuja na msichana mmoja kutoka Munigi. Alimweleza baba yake alichojifunza shuleni, bila kuficha kitu, jinsi watoto wa nyumba njema wanavyofanya. Baba huyo alikuwa mfugaji aliyeteremka kutoka milima ya Masisi na ng'ombe wake wachache, na tayari kulikuwa na familia moja iliyokuwa ikitaka kumposa binti. Asubuhi moja, tukiwa tumeshikana tena katikati ya somo, aliingia darasani na viatu vyake vya mpira na fimbo mkononi. Nje pikipiki ilikuwa inamngoja.

"Mwalimu," alisema, "mutoto wangu anasema hapa munamufundisha kushikana mikono na batoto banaume. Ile njo chimie, hii kemia yenu? Nimekuja kumurudisha nyumbani."

Msichana aliangalia sakafu, na tulijua kwamba akitoka nje ya mlango ule harudi tena. Mtu mwenye akili angemwita prefe, mkuu wa shule. Mwalimu wetu, kwa kiburi alichokuwa nacho, alimwondoa yule mvulana aliyeshikana na binti, akachukua fimbo ya mzee taratibu na kuiegemeza ukutani. "Karibu, papa. Mushike weye mwenyewe. Sasa muko oksijeni."

Mzee alimshika binti yake mkono, kwa nguvu. Mwalimu akapiga makofi, moto ukawaka. Kaboni alinyakua oksijeni wawili wa upande wa pili, akaenda nao. Jozi iliyobaki, mzee na binti yake, ilipaswa kuachana, kila mmoja achukue hidrojeni wawili awe maji. Mimi nilisimama mbele ya mzee nikisubiri anishike. Hakuachia.

"Papa, achilia," mwalimu alisema.

"Siachi."

"Gesi haiungue."

"Isiungue!"

Darasa liliangua kicheko, lakini mwalimu hakucheka. Alisogea karibu na kusema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Papa, anaenda pale ku dirisha tu. Utakuwa unamuona. Oksijeni banne banaingia, banne banatoka. Hakuna mwenye atapotea."

"Na akipotea?"

"Basi equation yangu ni mubaya, na nitafuta ubao mbele yako."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akaachia, na binti akaenda dirishani na hidrojeni wake wawili. Mkono wake mgumu ulinishika mimi. Akahesabu oksijeni, kuanzia yeye mwenyewe hadi binti pale dirishani, akapata wanne, akarudia kuhesabu, akatikisa kichwa. "Ng'ombe zangu nazihesabia vile. Ariko," yaani lakini kwa lugha ya kwao, "ingine siku jioni inazidi moja, imezaa njiani."

"Atomu hazizalake, papa."

"Basi hiyo haiko mali," alisema mzee, akachukua fimbo yake, akaondoka na pikipiki peke yake.

Ningependa kuwaambia kwamba binti alifaulu mtihani wa serikali kwa kishindo. Alianguka, na kemia ndiyo iliyomwangusha. Mzee alirudi shuleni akiwa na fimbo ileile na hasira mpya, na mwalimu akamjibu kwamba mlinganyo ukikataa mara ya kwanza mtu hufuta na kuanza upya. Binti alirudia mwaka. Leo ana duka la dawa huko Rutshuru.

Kwenye matanga msichana hakuweza kufika. Alikuja baba yake, amezeeka sana, akaomba kipaza sauti chini ya turubai, baada ya wote waliomsifu mpole yule wa uongo.

"Huyu mwalimu alikuwa mutu wa kiburi," alisema, na majeruhi wa chaki tuliokuwa nyuma tukacheka kwa furaha. "Aliniachisha mukono ya mutoto mbele ya batu. Nilirudi nyumbani na kasirani, na ile kasirani ilikaa miaka. Sikumuambia aksanti. Nimekuja kuisema leo, ariko hasikie."

Nililia pale, mbele ya watu, na sioni haya kuliandika. Wazazi wa mji huu, nendeni shuleni, mgombane na walimu, muingie na fimbo zenu mkitaka. Lakini mwacheni mwalimu amalize somo. Na siku mtakapogundua kwamba alikuwa na haki, mrudi kumwambia wakati bado anaweza kuwajibu kwa ukali.